Unataka kuanza antioksidanti za ini? Pitia hatua hizi kwanza (kwa sisi wa Mwanza na kandokando ya ziwa)

Naandika hii kwa sababu maswali yanayokuja kaunta ni yale yale. Mtu anafika famasi kashika simu, anakuonyesha picha ya kopo lenye ini limechorwa linang'aa, anauliza "hii mnayo? inasafisha ini kweli? nakunywa ngapi kwa siku?" Mwingine kashauziwa tayari na shoga yake wa Buzuruga anayefanya ile biashara ya kuunganisha watu chini yako, makopo matatu kwa mpigo, sasa anataka kujua aanze na lipi. Na kuna wa aina ya tatu, huyo ndo ananinyima raha, macho ya njano kabisa, tumbo limejaa, anauliza bei ya silimarini kwa jumla.

Nimeona niweke yote sehemu moja. Sikutangazii kitu na sikukatazi pia, wewe ni mtu mzima na hela ni yako. Ila msimamo wangu ujue mapema: antioksidanti kwa ini ni msaada mdogo, unakuja baada ya vipimo, sio badala yake, na huku kwetu ziwani kuna magonjwa ya ini ambayo kopo halitayagusa hata ukinywa mwaka mzima.

Nadharia, fupi tu

Ini likichakata pombe, dawa na mafuta, zinazaliwa kemikali kali zinazounguza chembe zake. Antioksidanti ni vitu vinavyozizima hizo kemikali. Mwili una yake, kubwa inaitwa glutathioni na ini linaitengeneza lenyewe. NAC (asetilisisteini) inalipa ini malighafi ya kutengeneza hiyo glutathioni. Vitamini E inakaa kwenye mafuta ya ukuta wa chembe inazuia yasiungue. Silimarini inatoka kwenye mbegu za mmea mmoja wa miiba wenye maua ya zambarau, asili yake nchi za kandokando ya Bahari ya Mediteranea. Basi, hiyo inatosha. Hilo neno "kusafisha ini" lisahau, ini sio chujio la chai la kutolewa likasuguliwa, lenyewe ndo linalosafisha.

Wewe usianze kabisa, nenda kwa daktari moja kwa moja

Kama una macho ya njano, mkojo umekuwa kahawia, tumbo limejaa maji, miguu imevimba, umetapika damu au choo kimekuwa cheusi. Hapo hamna mjadala wa kopo.

Pia usianze mwenyewe kama una ujauzito au unanyonyesha, kama unatibiwa saratani, kama unakunywa dawa ya kuyeyusha damu (warfarini), au kama umeshaambiwa ini limesinyaa. Watoto msiwape. Nimeona mama anampa mtoto wa darasa la pili kapsuli ya mtu mzima kwa sababu "inasaidia kinga", jamani hapana.

Vitu vya kuwa navyo kabla

Majibu ya vipimo ya karibuni, ya karatasi au picha kwenye simu, sio "niliambiwa niko sawa". Orodha ya kila kitu unachomeza, mpaka mizizi. Kopo lenyewe au picha ya lebo yake yote, upande wa nyuma ndo muhimu kuliko wa mbele. Sehemu ya kuandika, daftari au noti za simu. Na hela ya kurudia vipimo, hii watu wanaisahau kabisa, unakuta mtu katumia hela yote kwenye kopo halafu hana ya kujua kama limemsaidia au limemuumiza. Kama hela ni moja tu na inabidi uchague, chagua kipimo.

Sasa hatua.

1. Pima, na upime vitu sahihi

Omba LFT, hicho ni kipimo cha damu cha kazi ya ini, humo ndani utaona ALT na AST (vimeng'enya vya ini vinavyopanda likiumia), bilirubini, albumini na vingine. Omba na HBsAg ya homa ya ini B, na kipimo cha homa ya ini C. Hospitali ya Sekou Toure wanafanya, Hospitali ya Bugando wanafanya, na maabara nyingi za mjini zinafanya. Ukipewa majibu usiondoke bila mtu kukueleza, maana ALT ya 45 kwenye maabara ambayo mwisho wake ni 40 sio msiba, na ALT ya kawaida nayo sio cheti cha kwamba ini ni zima.

Hapo kwenye "sio cheti" ndo pa kukaa kidogo kwa sisi wa ziwani. Kama umekulia Ukerewe, Kome, Ukara, Sengerema kwenye vijiji vya majini, Magu kando ya ziwa, au hata hapa hapa mjini lakini unavua, unafua, unaoga ziwani, kichocho cha tumbo kinakuhusu. Minyoo yake inakaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo, mayai yanasukumwa na damu mpaka kwenye ini yanakwama, yanaacha makovu miaka na miaka, mwishowe damu inakosa pa kupita, bandama linavimba, mishipa ya koo la chakula inatanuka na siku moja mtu anatapika damu. Mtego ni kwamba LFT ya huyu mtu inaweza kutoka nzuri kabisa, kwa sababu kinachoziba ni njia za damu wakati chembe za ini zenyewe bado zinapiga kazi. Makovu yanaonekana kwenye ultrasaundi. Kwa hiyo ukiwa mtu wa maji ongeza vitu viwili: kipimo cha kichocho (choo, au kile cha mkojo kama kipo hapo ulipo) na ultrasaundi ya tumbo.

Dawa ya kichocho ipo na inaitwa prazikwanteli, kawaida ni mg 40 kwa kila kilo ya mwili, yaani mtu wa kilo 60 anameza mg 2400, vidonge 4 vya 600, akiwa ameshakula. Waliosoma shule za huku wanakumbuka ile fimbo ya kupimia urefu siku ya kumeza dawa, ilikuwa inapanga idadi ya vidonge. Silimarini haiui huo mnyoo. NAC haiui. Ukijitibu kichocho kwa antioksidanti unawapa minyoo muda tu.

Na homa ya ini B hivo hivo. HBsAg ikitoka chanya, kazi yako ni kufuatiliwa kliniki, kuna watu wanahitaji dawa ya tenofoviri na kuna ambao wanaangaliwa tu kwa vipimo, daktari ndo anaamua. Hakuna kapsuli ya dukani inayofuta kirusi. Ikitoka hasi na hujawahi kuchanjwa, chanjo ya mtu mzima ni dozi 3, ya kwanza leo, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi 6 baada ya ile ya kwanza. Kwa mtazamo wangu hiyo chanjo inalinda ini kuliko makopo yote ya kaunta yangu, na nasema hivo mimi ninayeuza makopo.

2. Andika kila unachomeza, bila aibu

Sio dawa za hospitali peke yake. Andika parasetamoli unayokunywa kila jioni mgongo ukiuma, dawa za mafua, diklofenaki, vidonge vya uzazi wa mpango, unga wa mzizi ulionunua mnadani, ile chupa ya majani kutoka kwa mganga, pombe kiasi gani na ya aina gani. Viroba (pombe kali za pakiti) walipiga marufuku 2017, gongo haikuondoka, sote tunajua, sikuhukumu, andika tu.

Mambo matatu ya kuangalia kwenye orodha:

Parasetamoli. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya mg 500, na anayekunywa pombe sana au ana ini bovu anatakiwa chini ya hapo, aulize. Kosa linalojirudia ni kumeza parasetamoli na dawa ya mafua pamoja bila kujua kwamba ndani ya dawa ya mafua kuna parasetamoli nyingine.

Dawa za TB na ARV (dawa za VVU). Dawa za TB, isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi, zenyewe zinaweza kuumiza ini, na isoniazidi wanapewa pia watu wa CTC (kliniki ya VVU) kwa ajili ya kujikinga na TB. Ukiongeza kopo katikati halafu ALT ikapanda, daktari hatajua amlaumu nani, na anaweza kukusimamishia dawa inayookoa maisha yako wakati mkosaji ni kopo. Mwambie nesi wa CTC kabla. Hawagombi kama unavyodhani.

Mitishamba. Hii ndo ngumu maana mtu anasema "sio dawa ile, ni majani tu". Majani yanapita kwenye ini lile lile. Kama unatumia kitu ambacho hujui jina lake wala kipimo chake, kiache kwanza kabla ya kuongeza kingine juu.

3. Chagua kitu KIMOJA

Sio pakiti ya vitu kumi na viwili. Kimoja, ili kikikudhuru ujue ni kipi na kikikusaidia ujue ni kipi.

Silimarini ndo wengi wanaanza nayo na kwa upande wa madhara ni mpole, zaidi tumbo kulegea. Upande wa faida ushahidi ni wa kusuasua. Mwaka 2012 huko Marekani walitoa majibu ya jaribio kwa wagonjwa wa homa ya ini C, waliwapa mpaka mg 700 mara 3 kwa siku, ALT haikushuka kuliko wale waliopewa kidonge kisicho na dawa. Kwa hiyo ukinunua, nunua ukijua hilo. Huo mmea ni ukoo mmoja na alizeti, ambaye poleni ya maua ya jamii hiyo inamsumbua aikwepe. Mwenye kisukari aangalie sukari yake kwa karibu, inaweza kushuka.

NAC ina sifa kubwa hospitali kwa sababu ndo dawa ya mtu aliyezidisha parasetamoli. Watu wanachukua sifa hiyo wanaipeleka kwenye kila ugonjwa wa ini, sio sawa. Kwa matumizi ya nyumbani mara nyingi inakuja ya mg 600. Mwenye pumu awe makini, inaweza kumbana kifua. Anayetumia nitrogliserini ya moyo asiiguse bila daktari, presha inaweza kudondoka na kichwa kikauma vibaya. Zile za kuyeyusha kwenye maji zina sodiamu, mwenye presha au moyo asome hapo.

Vitamini E ndo yenye ushahidi mzuri kidogo, lakini kwa watu wachache sana. Mwaka 2010 ilionekana IU 800 (IU ni kipimo cha kimataifa cha vitamini) kwa siku kwa wiki 96 inapunguza uharibifu kwa watu wenye ini la mafuta lililovimba, waliothibitishwa kwa kukatwa kipande cha ini, wasio na kisukari. Umesoma masharti? Upande wa pili, mwaka 2011 jaribio lingine kubwa likaonyesha wanaume waliokunywa IU 400 kila siku walipata saratani ya tezi dume zaidi kwa asilimia 17. Na inaongeza kuvuja damu. Kwa hiyo vitamini E kwa ajili ya ini usijipangie mwenyewe, hasa baba zangu wa miaka hamsini na kuendelea. Zile kapsuli za kupasua na kupaka usoni ni habari nyingine, hizo hatuzijadili hapa.

Drip za glutathioni za saluni au za chumbani kwa mtu, hapana. Hata sielezi.

4. Soma lebo kama unasoma mkataba wa kiwanja

Geuza kopo. Tafuta mambo haya.

Kiasi cha kila kiambato kwa miligramu. Ukikuta wameandika "mchanganyiko maalum" na jumla moja tu bila kuonyesha kila kimoja ni kiasi gani, rudisha.

Kipimo kimoja ni kapsuli ngapi. Wanaandika silimarini mg 280 kwa herufi kubwa, chini kwa herufi za chungu wanasema ni kwa kapsuli 2. Hapo kila kapsuli ina 140.

IU na mg za vitamini E sio kitu kimoja. IU 400 ya asili ni kama mg 268.

Vitu vya kukimbia kwenye kopo la "ini": dondoo ya chai ya kijani kwa dozi kubwa (Ulaya mwaka 2018 walitoa tahadhari kwamba mg 800 na zaidi kwa siku za ile kemikali yake, EGCG, zinapandisha vimeng'enya vya ini), vitamini A nyingi, ambayo yenyewe ni sumu kwa ini ikizidi, na kapsuli za manjano zilizochanganywa na pilipili manga ili zifyonzwe zaidi, kuna watu wamepata homa ya ini kwa hizo. Manjano ya kwenye mchuzi haina neno, kikombe cha chai ya kijani hakina neno, shida ni kuikamua ikawa dozi ya wiki kwenye kapsuli moja. Inachekesha na inaudhi kwamba vitu hivi hivi ndo vinajaa kwenye makopo yaliyoandikwa "detoksi ya ini".

Mwisho angalia tarehe ya kuisha muda, namba ya bechi, jina na anwani ya mtengenezaji, na kama kuna usajili. Dawa ziko chini ya TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), vyakula tangu 2019 viko TBS (shirika la viwango). Kopo lisilo na anwani yoyote ya mtu wa kumlaumu, usinunue.

5. Nunua dukani, sio kwenye begi

Famasi yenye mfamasia, upewe risiti. Duka la dawa muhimu la kijijini linaweza lisiwe nazo na ni sawa, usilazimishe. Ukiuziwa na mtu anayekwambia "acha dawa za hospitali kwanza ili hii ifanye kazi", hapo mazungumzo yaishe, hata kama ni shangazi yako.

6. Anza chini

Wiki ya kwanza kunywa dozi moja kwa siku, na chakula, asubuhi au mchana ili kitu kikitokea uwe macho. Silimarini, kapsuli moja ya 140. NAC, moja ya 600. Ukikaa salama wiki nzima ndo unaweza kufuata kipimo cha lebo, usikivuke. Andika tarehe uliyoanza kwenye kopo lenyewe kwa kalamu, inasaidia sana siku daktari akikuuliza na wewe hukumbuki kama ilikuwa kabla ya Pasaka au baada.

Ukisahau dozi, acha ipite. Usirudishie mara mbili.

7. Tenganisha na dawa nyingine

Hii iwahusu zaidi mnaotumia ARV yenye dolutegraviri, kile kidonge kimoja cha siku ambacho wengi wako nacho sa hivi. Makopo mengi ya antioksidanti yanawekewa zinki, madini ya chuma, magnesiamu au kalsiamu, na haya madini yanaishika dolutegraviri tumboni isifyonzwe. Unajikuta unakunywa dawa kila siku na damuni haitoshi. Kanuni: dolutegraviri masaa 2 kabla ya hayo madini, au masaa 6 baada. Rahisi zaidi ni kuchagua kopo lisilo na madini kabisa.

Ukipangiwa operesheni, mwambie daktari mapema unachotumia, vitamini E hasa, anaweza kutaka uache wiki mbili kabla.

8. Ondoa kinachoumiza wakati huo huo

Kama unaendelea na pombe kila siku, hiyo kapsuli ni kujifariji. Kama ultrasaundi imesema ini la mafuta, kupunguza uzito kwa asilimia 7 mpaka 10 kunafanya kazi kuliko kopo lolote, mtu wa kilo 90 hiyo ni kilo 6 hadi 9, polepole, sio kwa mwezi. Anza na soda na juisi za sukari. Ugali kidogo, sato wa kuchemsha badala ya wa kuelea kwenye mafuta, matembele na mchicha ambayo yamejaa antioksidanti za bure na hayana madhara ya kuandikiwa lebo. Kahawa nayo, bila sukari, ini linaipenda, watafiti wameona wanywaji wa kahawa wanaumwa ini kidogo kuliko wengine, na kahawa tunayo hapo Bukoba, sijui kwa nini tunahangaika na vya kuagiza.

Karanga na mahindi yenye ukungu tupa. Sumukuvu haifi kwa kupika wala kukaanga, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Usiwape kuku ukadhani umeokoa kitu. Hasa zile karanga zilizosinyaa zilizobaki chini ya gunia ambazo zinauzwa bei chee kwa ajili ya kusaga, unaokoa mia mbili unajilisha sumu ya ini, halafu unaenda kununua kopo la elfu kadhaa la kulilinda ini hilo hilo.

Na ukishatibiwa kichocho usirudi tena kwenye maji yale yale, ingawa najua kwa mvuvi hii ni rahisi kusema. Basi angalau umeze dawa kila kampeni ya kichocho ikipita na uombe ultrasaundi ukipata nafasi ya kuja mjini.

9. Weka tarehe ya mwisho, rudia vipimo

Usianze kitu kisicho na mwisho. Rudia LFT baada ya mwezi mmoja hivi, na tena baada ya miezi mitatu, maabara ile ile kama inawezekana maana viwango vinatofautiana. Siku mbili tatu kabla ya kipimo usifanye kazi nzito ya misuli isiyo ya kawaida, kubeba magunia soko la Mwaloni au mazoezi ya kujikomoa, AST na hata ALT zinaweza kupanda kwa sababu ya misuli tu.

ALT imeshuka na umeacha pombe na umepungua kilo? Vizuri, ila usilipe kopo sifa zote. Imebaki pale pale baada ya miezi mitatu? Acha, weka hela yako, rudi kwa daktari mtafute sababu. Imepanda? Acha leo.

Ikitokea shida

Kichefuchefu. Kunywa katikati ya chakula, sio kabla. Ikizidi siku tatu punguza au acha.

NAC inanuka yai bovu. Ni kawaida, ina salfa. Haijaharibika. Ila kapsuli zikiwa zimelowa, zimeshikana au zimebadilika rangi, hizo tupa. Mnaokaa makambi ya uvuvi, unyevu ndo adui, funga kopo vizuri na usitoe kile kifuko kidogo cha ndani.

Kuharisha. Silimarini hufanya hivo mwanzoni. Rudi dozi moja kwa siku, kunywa maji.

Mkojo umekuwa wa njano. Hapa watu wanachanganya sana. Kama kopo lako lina vitamini B2, mkojo unakuwa njano kali inayong'aa masaa machache baada ya kumeza, hiyo haina shida. Mkojo wa hatari ni wa kahawia, rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na mara nyingi unaambatana na macho kuwa njano, choo kuwa cheupe au mwili kuwasha. Huo ni wa kwenda hospitali siku hiyo hiyo na kopo mkononi.

Vipele, midomo kuvimba, kifua kubana. Acha, nenda kituo cha karibu mara moja, na usijaribu tena "kuona kama ni yenyewe".

Nimeanza mbili kwa pamoja na sasa naumwa, sijui ni ipi. Acha zote mbili. Usirudishe hata moja mpaka vipimo vitulie.

Sioni tofauti yoyote mwilini. Ini kwa kawaida halisemi, kwa hiyo kujisikia vizuri au vibaya sio kipimo, ndo maana nasisitiza damu na ultrasaundi.

Kutapika damu, choo cheusi cha lami, mgonjwa kuanza kuchanganyikiwa au kulala mno. Usitafute usafiri wa bei rahisi, ita gari lolote.

Mtu kazidisha parasetamoli, kwa makusudi au kwa bahati mbaya. Nimeiweka ya mwisho kwa sababu kuna anayeniuliza kama anaweza kumpa ndugu yake zile kapsuli za NAC za 600 za nyumbani. Usimkalishe nyumbani kwa ajili hiyo. Dozi ya hospitali inapigiwa hesabu kwa kilo na mara nyingi inapitishwa kwenye mshipa, na inafanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya masaa 8. Siku ya kwanza mgonjwa anaweza kuonekana mzima kabisa, anaongea, anakula, ini linaanza kuonyesha siku ya pili au ya tatu, usidanganyike. Uko visiwani, usisubiri kivuko cha kesho cha kuja Mwanza, anzia hospitali ya wilaya pale Nansio (Ukerewe) au kituo chochote kilicho karibu, wao wataamua kuhusu rufaa. Beba pakiti tupu za vidonge, hesabu vilivyobaki, na mtajie daktari saa aliyomeza.